Maisha ya Daktari Wu Lien-teh, Aliyewakinga Watumishi wa Wagonjwa

Mwaka wa Jubilei ni mwaka wa kuhesabu na kukumbuka. Twahesabu miaka iliyopita, twawakumbuka waliotutangulia: waliojenga, waliofundisha, na wale walioketi usiku kucha kando ya vitanda vya wagonjwa. Hao wa mwisho husahauliwa upesi, kwa kuwa kazi yao haikuacha kuta wala minara. Tena wengi wao walikufa kwa ugonjwa ule ule waliokuwa wakiwaondolea wenzao.

Yako magonjwa yaendayo kwa pumzi na kwa kikohozi, kama mafua makali, kifua kikuu, na ugonjwa wa Korona ulioenea duniani tangu mwaka 2020. Magonjwa ya namna hii yana tabia moja mbaya: huanza na yule aliye karibu. Na mgonjwa anapozidiwa, ni nani aliye karibu naye kuliko mwuguzi wake? Watu wengine wafunga milango, yeye aifungua. Basi swali lililo kubwa katika kila tauni ni hili: huyo awalindaye wagonjwa, nani atamlinda yeye?

Alikuwako mtu mmoja aliyelijibu swali hilo kwa kazi ya mikono yake, wakati ambapo wakubwa wengi wa uganga walikuwa hawajalifikiri vema. Jina lake Daktari Wu Lien-teh. Hakuwa mtu wa nchi zetu, bali faida ya kazi yake imefika katika kila hospitali na zahanati, hata ile iliyo ndogo mno huko shambani. Ndiyo sababu tunaandika habari zake hapa, ili wakristo wa parokia na walimu wa shule wazijue.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

Wu Lien-teh alizaliwa tarehe 10 Machi 1879 katika kisiwa cha Penang, nchi ya Malaya, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa sonara aliyehama kutoka kusini ya Uchina kutafuta maisha, na mama yake alizaliwa Penang katika jamaa ya Wachina. Nyumba ilikuwa na watoto wengi, wala haikuwa nyumba ya mali nyingi.

Mtoto akatiwa katika shule iitwayo Penang Free School, akawa hodari wa masomo. Mwaka 1896 alishinda katika mtihani mkubwa wa kushindaniwa, akapata msaada wa fedha wa kwenda kusoma Uingereza. Huko aliingia chuo cha Emmanuel katika Cambridge, kisha akajifunza kazi ya wodi katika hospitali ya St Mary's, London. Alipokwisha kupata shahada yake hakurudi mara moja, bali aliendelea kujifunza habari za vijidudu katika Liverpool, katika Halle nchi ya Ujerumani, na katika Taasisi ya Pasteur huko Paris. Hivyo alizoea kutazama kwa hadubini kile kisichoonekana kwa macho, na mazoea hayo ndiyo yaliyomfaa baadaye.

Mwaka 1903 akarejea Malaya. Mwaka 1905 alimwoa Ruth Huang, binti Huang Naishang, Mmethodisti mashuhuri aliyewaongoza Wachina wengi kwenda kulima Sibu katika nchi ya Sarawak. Daktari kijana akafungua nyumba ya uganga Penang, lakini hakuridhika kutoa dawa tu. Aliona jinsi afyuni ilivyowaharibu watu wake, akapigana nayo kwa maneno na kwa maandiko. Afyuni wakati ule ilileta fedha nyingi kwa wafanya biashara na kwa serikali pia, basi akapata adui wenye nguvu. Nyumba yake ya uganga ikapekuliwa, ikaonekana chupa ya dawa yenye afyuni, akashitakiwa na kutozwa faini. Lilikuwa jambo la aibu kwa mtu aliyesimama hadharani kuipinga afyuni. Alipopata mwito kutoka Uchina akaupokea, na mwaka 1908 akawa makamu wa mkuu wa chuo cha waganga wa jeshi katika mji wa Tientsin.

TAUNI KATIKA MANCHURIA

Mwishoni mwa mwaka 1910 habari mbaya zilitoka kaskazini, katika nchi ya Manchuria. Watu walikuwa wakikohoa damu, na kabla ya siku tatu kwisha walikuwa wamekufa. Aliyeshikwa hakupona.

Chanzo chake kilikuwa biashara ya ngozi. Katika nyika za huko yuko mnyama mdogo mwenye manyoya mengi, achimbaye mashimo ardhini, aitwaye tarabagani. Ngozi yake ilipanda bei kupita kiasi, na watu maelfu wasiojua kazi ya kuwinda wakaenda kumtafuta. Wamongolia na wenyeji wengine wa nyika walijua tangu zamani kwamba tarabagani aliye mgonjwa haguswi. Wale wageni hawakujua, wakawakamata wazima na wagonjwa pamoja. Usiku wakalala wamebanana katika nyumba za wageni zilizofungwa kila tundu kwa sababu ya baridi kali. Kisha wakapanda gari la moshi kurudi kwao, na ugonjwa ukapanda pamoja nao. Ulionekana Manchuria mwezi wa Oktoba, ukafuata reli hata Harbin, mji mkubwa wa njia panda.

Serikali ya Uchina ikamtuma Daktari Wu. Alikuwa mtu wa miaka 31 tu. Alifika Harbin tarehe 24 Desemba 1910, mkesha wa Krismasi, naye alifuatana na mwanafunzi wake mmoja. Mzigo wake mkubwa ulikuwa hadubini na vyombo vya kupimia vijidudu. Karibu na mji wa Warusi palikuwa na mji wa Wachina uitwao Fuchiatien, wenye watu kama 24,000. Huko ndiko mauti yalikozidi.

Siku tatu baadaye akasikia kwamba mwanamke mmoja Mjapani, mwenye nyumba ya wageni, amekufa kwa ugonjwa ule. Kuipasua maiti kulikuwa mwiko mkubwa kwa Wachina wa zamani zile, lakini daktari aliona kwamba bila kujua ugonjwa hawezi kuuzuia. Akaifanya kazi hiyo kwa siri na kwa heshima. Alipotazama katika hadubini aliona vijidudu vya tauni vimejaa katika mapafu.

Hapa yatupasa kueleza kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yote. Tauni ijulikanayo zaidi, kama ile iliyowasumbua watu wa Lushoto katika Tanzania kwa miaka mingi tangu 1980, huletwa na viroboto wa panya. Huvimbisha mitoki kinenani na makwapani. Kwa hiyo waganga wote walikuwa wamefundishwa kwamba ukitaka kuizuia tauni, ua panya. Katika Manchuria maelfu ya panya walikamatwa na kupasuliwa, wala tauni haikuonekana ndani yao. Daktari Wu akafikiri kwa taratibu: ikiwa vijidudu vimo mapafuni, na panya ni wazima, na wanaougua ni wale waliolala chumba kimoja na mgonjwa, basi ugonjwa huu hauletwi na kiroboto. Hutoka katika kikohozi cha mtu, huingia katika pumzi ya mtu mwingine. Matone madogo ya mate yasiyoonekana ndiyo yachukuayo mauti.

Neno hilo laonekana jepesi kwetu leo. Siku zile lilikuwa geni, na wengi walilikataa.

MAUTI YA DAKTARI MESNY

Miongoni mwa waliokuja kusaidia alikuwa Mfaransa, Daktari Gérald Mesny, mwalimu wa uganga katika Tientsin. Alikuwa mkubwa kwa umri kuliko Daktari Wu, na alikuwa amekwisha pigana na tauni ya mitoki mahali pengine. Alifika Harbin tarehe 2 Januari 1911. Daktari Wu alimweleza aliyoyaona, akamsihi juu ya kujifunika uso. Mesny hakupendezwa kufundishwa na kijana, tena kijana Mchina. Akataka yeye mwenyewe awe mkuu wa kazi yote. Wakakosana sana, hata Daktari Wu akapeleka simu kwa serikali kutaka kujiuzulu. Serikali ikakataa, ikasema Wu ndiye mkuu.

Tarehe 5 Januari Mesny akaenda katika hospitali ya tauni ya Warusi. Alivaa kanzu nyeupe, kofia, na mifuko ya mpira mikononi, kama mtu ajikingaye na ugonjwa wa kugusa. Usoni hakufunika kitu. Akainama juu ya wagonjwa akawapima mmoja mmoja. Baada ya siku chache akashikwa na homa, kisha kikohozi, kisha damu. Tarehe 11 Januari akafa.

Tusimcheke wala tusimhukumu. Alikuwa mtu shujaa, alikuja kwa hiari mahali pa mauti, na elimu aliyokuwa nayo ndiyo iliyokuwa elimu ya wakubwa wa siku zile. Lakini ushujaa wake haukuwa ngao, wala cheo chake hakikuwa ngao. Mji wote ukashtuka kwa kifo chake. Watu waliokuwa wakidharau kipande cha kitambaa wakaanza kukitafuta, na watumishi waliokuwa wakisitasita wakatii.

KAZI YA KINGA

Barakoa ya Daktari Wu ilikuwa kitu rahisi kabisa. Alichukua kipande kirefu cha shashi ya hospitali, akakikunja, na katikati yake akaweka pamba nene. Ncha zake zikapasuliwa ziwe kama kamba za kufungia nyuma ya kichwa, ili kitambaa kishike barabara juu ya pua na kinywa. Hakutaka kitu cha fahari wala cha kutoka mbali. Alitaka kitu kiwezacho kushonwa na mtu yeyote, kwa bei ndogo, kwa maelfu, upesi. Tena hakuamuru ivaliwe na waganga peke yao. Aliwataka wachukuzi, askari, wapishi, wachimba makaburi na waendesha magari waivae pia, maana vijidudu havimwulizi mtu shahada yake.

Lakini alijua kwamba kitambaa peke yake hakitoshi. Akaugawanya mji wa Fuchiatien katika mitaa minne, kila mtaa na mkubwa wake, na watu wa kila mtaa wakapewa alama ya rangi yao mkononi. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine bila ruhusa. Askari zaidi ya 1,000 waliletwa kuulinda mji usitoke watu ovyo. Wagonjwa wakapelekwa mahali pao. Wale waliokaa na wagonjwa lakini hawajaugua walitengwa mbali nao, na kwa kuwa nyumba hazikutosha, Warusi wakaazima mabehewa ya mizigo ya reli yapatayo 120. Ndani ya kila behewa liliwekwa jiko la moto, na kila siku watu walipimwa joto la mwili. Aliyepatikana na homa aliondolewa mara moja ili asiwaambukize wenzake.

Ugumu wa kuwatenga watu ulionekana mahali pengi. Katika ua wa misheni moja ya Kikatoliki mjini humo watu wengi walikuwa wamekimbilia wapate usalama. Wagonjwa wao walifichwa kwa huruma, wala waganga hawakuarifiwa. Ugonjwa ukawapitia karibu wote, hata mapadre hawakusalimika. Twaliandika jambo hili kwa huzuni, wala si kwa lawama, ili tujue kwamba upendo usiofuata maarifa waweza kumwua yule tumpendaye.

Likabaki jambo gumu kuliko yote. Ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi kama jiwe, makaburi hayakuweza kuchimbwa, na maiti zaidi ya 2,000 zilikuwa zimewekwa wazi juu ya barafu, nyingine katika majeneza, nyingine bila. Kwa Wachina, kuiheshimu maiti ya mzee ni sheria iliyo kubwa, na kuichoma moto ni kama kumtukana. Daktari Wu alijua hayo, maana alikuwa Mchina. Alikwenda kwanza kuwaonyesha wakubwa wa mji makaburi yale kwa macho yao, kisha akapeleka ombi kwa Mfalme katika Peking. Ruhusa ikaja. Tarehe 31 Januari 1911, katika siku kuu ya mwaka mpya wa Kichina, moto ukawashwa. Tangu hapo hesabu ya wafu ikaanza kupungua, na tarehe 1 Machi mgonjwa wa mwisho akaandikwa katika Harbin. Tauni iliyokuwa ikiua watu wengi kila siku ilikuwa imekwisha kwa muda wa miezi miwili tangu kuja kwake.

KIJANA WA MUKDEN

Ugonjwa ulikuwa umeshuka pia kwa reli hata Mukden, mji uitwao sasa Shenyang. Huko palikuwa na mmisionari kijana, Daktari Arthur Jackson, aliyetumwa na kanisa la Scotland. Alikuwa amefika mwezi wa Novemba 1910 tu, mwenye miaka 26, hata lugha ya nchi alikuwa bado kuijua. Gari la moshi lenye vibarua mamia lilipozuiwa Mukden kwa sababu ya tauni, walihitaji mtu wa kuwatunza katika kituo cha reli. Jackson akajitoa. Alivaa kanzu na kofia na barakoa, akatahadhari kama alivyoweza, akawahudumia watu wale siku kwa siku katika baridi na katika vyumba vibaya. Tarehe 25 Januari 1911 naye akafa.

Liwali mkuu wa Manchuria alimwombolezea mbele ya watu wote, akawapa jamaa zake dola 10,000. Mama yake, ijapokuwa alikuwa amepoteza mwanawe, hakuzichukua fedha zile. Akazitoa zisaidie kujenga chuo cha kufundishia waganga katika Mukden, nacho kikafunguliwa mwaka 1912.

Habari ya Jackson yatufundisha jambo ambalo ile ya Mesny haikulifundisha. Mesny alikufa kwa kutokujifunika. Jackson alijifunika, na bado alikufa. Basi barakoa si hirizi. Hupunguza hatari, haiiondoi. Akaaye saa nyingi na watu wakohoao, katika chumba kisicho na hewa, mwenye kuchoka na kukosa wa kumpokea zamu, yumo hatarini hata akiwa amevaa kila kitu. Kwa hiyo kumlinda mtumishi ni kumpa barakoa, na pia kumpa dirisha wazi, na mapumziko, na wenzake wa kutosha.

HESABU YA WATUMISHI

Katika miezi ile michache watu wapatao 60,000 walikufa katika Manchuria na kaskazini ya Uchina. Katika Fuchiatien peke yake walikufa zaidi ya 5,000.

Daktari Wu hakuishia kuwahesabu wagonjwa. Aliwahesabu na watumishi wake. Walioajiriwa kupigana na tauni katika Harbin walikuwa 2,943, na katika hao walikufa 297, yaani mmoja katika kila kumi. Ukiitazama hesabu hiyo kwa makini utaona jambo la kusikitisha. Katika waganga wenye elimu ya Kizungu alikufa mmoja tu, ndiye Mesny. Waliokufa kwa wingi walikuwa wachukuzi wa wagonjwa na vibarua wenye kazi nzito: walioingia katika vyumba vya giza kuwatoa wafu, walioinua machela, walioendesha magari ya maiti. Hao ndio waliokuwa karibu zaidi, waliofundishwa kidogo zaidi, na waliopata kinga mwisho. Majina yao karibu yote yamepotea.

Mwezi wa Aprili 1911 ukafanywa mkutano mkubwa katika Mukden, kuanzia tarehe 3 hata 28, wakaja waganga wa mataifa 11. Miongoni mwao alikuwamo Kitasato wa Japani, mmoja wa wale waliokigundua kijidudu cha tauni mwaka 1894. Mwenyekiti alikuwa Daktari Wu. Mmarekani Richard Strong alieleza jinsi alivyoshika sahani za kuoteshea vijidudu mbele ya vinywa vya wagonjwa: mgonjwa alipopumua tu kwa utulivu, kwa kawaida sahani hazikuota kitu, alipokohoa, vijidudu vya tauni vilionekana juu yake, hata pale ambapo mate hayakuonekana kwa macho. Hivyo neno la kijana wa Penang likathibitishwa mbele ya wakubwa wa uganga wa dunia.

MIAKA YAKE YA BAADAYE

Daktari Wu hakukaa akifurahia sifa. Mwaka 1912 akafanywa mkuu wa idara mpya ya kuzuia tauni katika Manchuria kaskazini, akajenga hospitali na vyumba vya kupimia kando ya reli. Mwaka 1915 alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha waganga wa Uchina. Tauni ya mapafu iliporudi mwaka 1920 na 1921, ilikuta watu waliojiandaa. Walikufa kama 9,300. Ni wengi, lakini si kama wale 60,000 wa kwanza. Mwaka 1926 alitoa kitabu kikubwa juu ya tauni ya mapafu, na mwaka huo huo akaanzisha chuo cha uganga katika Harbin. Mwaka 1930 akawa mkuu wa idara ya karantini ya bandari zote za Uchina, makao yake Shanghai. Mwaka 1935 jina lake lilipendekezwa kwa ajili ya tuzo ya Nobel.

Hata hivyo maisha yake hayakuwa ya raha. Mwaka 1931 Wajapani walimkamata katika Manchuria wakimdhania mpelelezi. Mwaka 1937 mkewe Ruth alifariki, na katika mwaka huo huo vita vikaingia Shanghai na nyumba yake ikaharibiwa kwa mabomu. Akarudi Malaya akiwa na miaka 58, akaanza tena kama daktari wa kawaida katika mji wa Ipoh. Wakati wa vita vikuu vya pili alitekwa na wapiganaji wa msituni, akakombolewa kwa fedha. Kisha Wajapani wakamshuku kuwa ndiye aliyewapa adui zao fedha. Aliokoka katika hayo yote, akaendelea kuwatibu watu wa Ipoh miaka mingi.

Mwaka 1959 alitoa kitabu cha maisha yake. Tarehe 21 Januari 1960 akafa Penang, mji aliozaliwa, mwenye miaka 80.

MAFUNDISHO KWETU

Ni kweli kwamba tauni huletwa na vijidudu vya namna ya bakteria, na siku hizi ziko dawa za kuiponya ikitambuliwa mapema. Magonjwa mengine ya pumzi huletwa na virusi, ambavyo ni vidogo zaidi. Lakini mlango wanaoingilia ni ule ule. Mwaka 2003 ugonjwa wa mapafu uitwao SARS ulitokea Asia, ukawapata watu zaidi ya 8,000, na kama mmoja katika kila watano wao alikuwa mtumishi wa afya. Mwitalia, Daktari Carlo Urbani, aliyeutambua ugonjwa huo katika Hanoi na kuipa dunia habari mapema, aliambukizwa akafa tarehe 29 Machi mwaka huo. Tena katika Korona, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba tangu Januari 2020 hata Mei 2021 walikufa watumishi wa afya kati ya 80,000 na 180,000 duniani. Miaka zaidi ya 100 baada ya Harbin, watumishi katika nchi nyingi walikuwa wakitafuta barakoa bila kuziona.

Basi tumejifunza nini? Kwanza, kujikinga si woga. Mwuguzi avaaye barakoa hamtengi mgonjwa; ajitunza ili kesho awepo kumpokea mgonjwa mwingine. Mwuguzi akifa, zahanati yafungwa, na wagonjwa wote wa bonde lile wapata hasara.

Pili, kinga ni haki ya kila mtumishi, wala si ya mkubwa tu. Afagiaye wodi, afuaye mashuka, achukuaye machela, aoshaye maiti, mama akaaye na mwanawe mgonjwa, wote hao wapumua hewa moja na daktari. Tukinunua vitu vya kujikingia, tuwaanzie wale wa Harbin waliosahauliwa.

Tatu, tusiwafiche wagonjwa wetu. Akikohoa mtu damu, au homa ikimshika na kifua kikambana, apelekwe mapema hospitalini, na watu wa nyumbani waseme kweli. Madirisha yafunguliwe, akohoaye azibe kinywa, na wageni wasijazane chumbani ijapokuwa desturi yetu ya kumjulia hali mgonjwa ni njema.

Nne, tusiidharau elimu kwa sababu ya kinywa kiitoacho. Laiti Mesny angalimsikiliza yule kijana! Hata katika zahanati zetu mwanafunzi wa uuguzi aweza kuona hatari ambayo mkuu wake hajaiona.

Ninyi walimu, waambieni watoto habari za sonara wa Penang ambaye mwanawe alizuia tauni kwa hadubini, kwa utaratibu, na kwa kipande cha shashi na pamba. Nasi sote, tunapowakumbuka marehemu wetu katika Jubilei hii, tusiwasahau wale wachukuzi wasio na majina waliolala katika ardhi ya barafu. Walikufa wakiwabeba wenzao. Heshima tuwezayo kuwapa ni moja: kuwalinda wale wanaoifanya kazi hiyo hiyo leo kati yetu.